Mkono wa Kulia, Mlango wa Bluu

Abiria wengi waliomjua Mama Dirisha hawakuwahi kuiona sura yake. Kioo cha dirisha la tiketi kilikuwa kimefutwa kwa vitambaa vikavu miaka na miaka mpaka kikafifia, na aliyeketi nyuma yake akaonekana kama kivuli kinachokunywa chai. Walimwengu walipata kwake vitu viwili tu: sauti iliyopita kwenye tundu la duara, na vidole vilivyopita kwenye upenyo wa chini. Sauti ilikuwa nene, ya kuaminika. Vidole vilikuwa na haraka. Kati ya hivyo viwili abiria alipata tiketi yake, chenji yake na, bila kuomba, ushauri wake.

Dirisha lake lilihudumia safari moja tu, ya kivuko kinachotoka jiji kubwa kwenda mji mdogo wa ng'ambo. Waliochoshwa na kelele walikwenda huko kupumzisha masikio, wapenzi walikwenda kutembea kando ya maji, na wenye ndugu walikwenda kula vya ndugu. Kila mmoja alipokwisha kushika tiketi, sauti ilimwambia:

"Ukishuka, yape maji mgongo. Mnara wa saa utakuwa kushoto kwako, usiuangalie, unadanganya. Soko, kushoto vilevile. Panda barabara kubwa mpaka usikie harufu ya chai. Mkono wa kulia, mlango wa bluu. Kaa hapo, mengine yatakufuata."

Aliyasema hayo kwa pumzi moja. Abiria wa kila wiki walikuwa wakiyasema pamoja naye, kama watoto wanaoghani shairi darasani, na mwenzake wa zamu ya pili alikuwa ameyakariri kiasi cha kuyatoa hata siku ambazo Mama Dirisha hayupo. Bwana mmoja aliwahi kumuuliza, "Mama, wewe ni mzaliwa wa kule?" Naye akajibu, "Kule napajua kama kiganja changu." Ukilitazama vizuri jibu hilo, si ndiyo wala si hapana.

Ukweli ni kwamba Mama Dirisha hakuwahi kukanyaga kule hata mara moja. Aliogopa maji. Aliyaogopa tangu utotoni, akaomba kazi bandarini kwa sababu ndiyo iliyokuwapo, na nyumbani walipomshangaa alisema, "Muuza majeneza si lazima alale ndani." Yote aliyoyajua kuhusu mji ule aliyapata kwa abiria waliorudi. Kivuko kikitia nanga jioni, watu walipita mbele ya dirisha lake wakiwa na jua usoni na mchanga viatuni, na wasimulizi wazuri walisimama kidogo. Huyu alimweleza mnara, yule alimweleza soko, na mmoja, zamani sana, alimweleza kwa macho yaliyofumbwa nusu juu ya chai aliyokunywa nyuma ya mlango wa bluu, "pale mkono wa kulia, kabla hujafika gatini." Mama Dirisha alipokea yote, akayashona pamoja, akawa na mji mzima kichwani usio na hata vumbi.

Sasa alikuwa anakaribia kustaafu. Mwisho wa mwezi dirisha lingekuwa la mtu mwingine, na yeye angebaki na chumba chake cha jijini, kilichotazamana na karakana ya kunyoosha mabati ya magari. Binti yake wa pekee alikuwa ameolewa kule ng'ambo, na alikuwa na mtoto aliyeanza kutambaa, mjukuu ambaye bibi yake alimwona pale tu wazazi wake walipokumbuka kumleta. Ghorofani kwa wakwe kulikuwa na chumba kitupu chenye dirisha. Binti alikuwa amemwombea mama yake chumba hicho, na mama mkwe hakusema ndiyo wala hapana. Alisema, "Chumba si kuta, ni mtu anayeingia. Mwambie aje nimtazame."

"Mkwe wangu si alinitazama siku ya harusi hapa jijini?" Mama Dirisha aliuliza kwenye simu.

"Mama, siku ya harusi mlikuwa mmepakwa poda wote wawili. Anataka kukutazama ulivyo. Njoo siku yako ya mapumziko. Na kuna neno nitakuambia ukifika, kwenye simu halisemeki."

Basi Mama Dirisha akapanga foleni kwenye dirisha lake mwenyewe, upande asiouzoea. Mwenzake alimkatia tiketi bila kumtambua, kwa sababu kioo kilikuwa kibovu pande zote mbili, akamwambia ayape maji mgongo na ashike mkono wa kulia. "Asante, mwanangu," Mama Dirisha alisema, na alijisikia kama mpishi anayepakuliwa chakula chake.

Kuhusu safari yenyewe hatutasema mengi, kwa heshima yake. Alikaa katikati kabisa ya kivuko, mbali na maji ya kila upande, mikono yote miwili imeshika kikapu chenye nguo za mjukuu. Abiria wa pembeni yake alimwambia, "Mama, ukiachia kidogo hakitazama." Akamjibu kwamba hajakishika kivuko, ameshika kikapu. Kisha akaendelea kukishika kivuko.

Binti yake alikuwa gatini, mtoto kiunoni. Walisalimiana, bibi akambusu mjukuu, mjukuu akavuta miwani, na kabla hawajapiga hatua binti akamvuta mama yake kando, nyuma ya marundo ya kamba.

"Mama, sikiliza. Mama mkwe akikuuliza unafanya kazi gani, sema uko ofisini. Mambo ya karatasi."

"Tiketi si karatasi?"

"Usitaje dirisha. Nakuomba. Yeye ana mgahawa, unajua. Ule wenye mlango wa bluu."

Uso wa Mama Dirisha ukachanua. "Kwa mkwe wangu ndiyo pale? Mbona hukuniambia? Mimi nimempelekea wateja maisha yangu yote."

"Hujampelekea hata mmoja," binti alisema taratibu. "Yeye yuko kushoto, mama. Wewe umewapeleka kulia, kwa jirani yake Seremala. Tangu nilipoolewa hapa, hakuna siku ambayo hajamtaja huyo mtu wa dirishani. Anamwita Mkono wa Kulia. Mkono wa Kulia kaniulia biashara, Mkono wa Kulia ana kisa gani na mimi. Hajui ni wewe. Nilimwambia mama yangu ni karani wa bandari. Ningemwambia nini, Mama? Na chumba kile ningekiombaje?"

Kama afanyavyo kila mtaalamu aliyekosolewa, Mama Dirisha akakataa. "Haiwezekani. Mji huu naujua. Nipishe nikuonyeshe." Akayapa maji mgongo, akatangulia mbele kwa madaha, binti na mtoto nyuma yake. Alitafuta mnara wa saa kushoto, akakuta ghala la nyavu. Mnara ulikuwa kulia, na saa yake kweli ilikuwa inadanganya, jambo lililompa faraja kidogo. Akakata kushoto kwenda sokoni, akaishia kwenye ukuta wa shule, ambapo mlinzi alimuuliza kama amekuja kumwandikisha mtoto. "Bado mdogo," binti alijibu kwa niaba ya familia.

Walirudi barabarani. Soko lilikuwa kulia, linasikika kabisa. Posta ilikuwa pasipopaswa kuwa posta. Mji mzima ulikuwepo, haukupungua kitu, ila ulikuwa kama shati lililovaliwa ndani nje. Mama Dirisha akasimama katikati ya barabara, akageuka nyuma kutazama gati na maji, ili angalau aone kitu kisichobishana naye. Hapo ndipo alipoona. Akitazama maji, mnara wa saa ulikuwa kushoto. Soko lilikuwa kushoto. Kila kitu kilikaa pale alipokuwa amekiweka.

"Walikuwa wanarudi," alisema.

"Akina nani?"

"Wote walioniambia. Kila aliyesimama dirishani kwangu alikuwa anatoka huku kurudi nyumbani. Mji wameutazama wakielekea kivukoni. Mimi nikawauzia wanaokuja." Akatikisa kichwa. "Na hakuna hata mmoja aliyerudi kunilaumu."

"Wangekulaumu nini? Ukiwaambia kulia walikwenda kulia, na kulia Seremala aliwapa chai. Mbaya, lakini chai."

Barabara ilipanda kidogo, na harufu ya chai ikaja mahali ilipotazamiwa. Hapo palikuwa na milango miwili ya bluu inayotazamana. Wa kushoto ulikuwa wa zamani, rangi imekolea mpaka kwenye mbao. Wa kulia ulikuwa mpya zaidi, na pembezoni mwake ukichungulia uliona kijani cha zamani. Upande wa kushoto kulikuwa na meza safi zenye vitambaa, na bwana mmoja mzee aliyesinzia juu ya kikombe. Upande wa kulia watu walibanana kwenye mabenchi, maranda ya mbao yakiwa chini ya miguu yao, wakinywa kitu wakikunja nyuso.

Mwenye mgahawa wa kushoto alitoka kumpokea mgeni. Mji mzima ulimwita Bi Birika, kwa sababu hakuonekana bila birika mkononi, na pengine kwa sababu naye alikuwa mfupi, mpana chini, na mwepesi wa kuchemka.

"Karibu, mkwe. Mgeni njoo mwenyeji apone. Safari ilikuwaje?"

"Nzuri sana, mkwe," alisema Mama Dirisha, akiwa bado amekishika kikapu kwa mikono yote miwili.

Alikalishwa, akamiminiwa chai. Ilikuwa chai ambayo yule abiria wa zamani aliisimulia kwa macho yaliyofumbwa nusu, na Mama Dirisha alipokunywa funda la kwanza alielewa yale macho. Funda la pili alilimeza kwa taabu. Unaweza kumdhulumu mtu kwa jumla na usihisi kitu, lakini ukishaionja chai yake, umeshika ushahidi.

"Tamu," alisema kwa sauti ndogo.

"Tamu, na nainywa mwenyewe," alisema Bi Birika. "Unawaona wale? Wametoka kivukoni wote. Kuna kiumbe kimoja huko jijini, dirishani, kinawaambia mkono wa kulia. Sijui nilimkosea nini. Nilimkanyaga sokoni? Nilimpora mume? Mimi jiji lenyewe nimekwenda mara za kuhesabika, na tiketi nakatiwa na mwanangu. Wewe uko hukohuko bandarini, mkwe. Humjui?"

Binti aliinama kumfunga mtoto kiatu. Mtoto hakuwa amevaa viatu.

"Tuko wengi," alisema Mama Dirisha.

"Wewe uko upande gani hasa?"

"Mimi nakaa... upande wa ndani."

"Upande wa ndani ndiyo wenye heshima," Bi Birika alisema kwa kuridhika. "Mtu wa karatasi ni mtu wa utulivu. Mimi sitaki kelele ghorofani kwangu."

Wakati huohuo mlango wa pili ukatoa mtu mrefu mwenye penseli sikioni na vumbi la mbao kwenye nyusi. Alivuka barabara akiwa ameshika sufuria tupu kama mtu anayekwenda kujisalimisha.

"Jirani, nisaidie maji ya moto. Jiko langu limezima tena."

"Limekuhurumia," alisema Bi Birika. "Limeona unachowapa watu. Mkwe, huyu ndiye Seremala. Alikuwa fundi wa viti mzuri, sasa hivi ni mpishi mbaya. Kaniibia wateja, kaniibia na rangi ya mlango."

"Rangi niliipaka nipate amani," Seremala alimwambia mgeni, kwani jirani yake alikwisha kusikia hadithi hiyo mpaka akaizoea. "Mlango wangu ulikuwa wa kijani. Kila kivuko kikifika, watu wanasimama pale: huu ni wa bluu au si wa bluu? Mke anasema bluu, mume anasema kijani, wananiita mimi niamue. Mimi nimeshika msumeno. Wanaingia, wanakaa kwenye viti vyangu vya kuuza, wanasema, chai. Nawaambia hapa ni kwa fundi. Wanasema, mama katuambia tukae, mengine yatatufuata. Sasa mtu akikaa anakutazama tu, utafanyaje? Nikanunua sufuria." Akashusha pumzi. "Mimi nataka kuchonga. Huyo mama wa dirishani nikimpata, sijui nimpe mkono au nimpe randa la kichwa."

"Nipishe kwanza mimi," alisema Bi Birika, akammiminia maji ya moto, na juu yake, bila kuombwa, akamtilia majani ya chai kutoka kopo lake. "Chemsha taratibu. Usiyachemshe kama gundi."

Ukiwatazama hao wawili ungedhani hawapatani, na ungekuwa umekosea.

Baada ya hapo Bi Birika alimpandisha mgeni ghorofani. Ngazi zililalamika moja moja. Chumba kilikuwa na kitanda, kabati la mlango mmoja, na dirisha pana lililotokeza juu ya barabara kidogo, kiasi kwamba ukiinama unauona mji wote unavyoshuka mpaka majini. Hakukuwa na kioo, kulikuwa na vibao vya kufungua na kufunga. Mama Dirisha aligusa kizingiti kwa vidole vyake vyenye haraka, na kwa mara ya kwanza havikuwa na haraka. Chini, mjukuu alikuwa akigonga kijiko kwenye sahani, naye akasikia kila pigo. Hapa angemsikia kila siku. Angemsikia akijifunza kusema.

"Unakitaka?" aliuliza Bi Birika.

"Nakitaka, mkwe."

"Basi pumzika kidogo, ukitazame kikutazame. Jibu nitakupa tukinywa chai ya jioni. Bado sijamaliza kukutazama." Akashuka.

Mama Dirisha alikaa kwenye ukingo wa kitanda akapatana na nafsi yake. Angenyamaza. Mwisho wa mwezi dirisha lingekuwa la mtu mwingine, mambo ya kulia na kushoto yangemezwa na wakati, naye angekaa hapa kama karani mstaafu, mtu wa upande wa ndani. Ilikuwa mipango mizuri, na ingefaulu kwa mtu mwenye mdomo wa kawaida.

Kivuko cha mchana kilipiga honi. Muda si muda abiria wakaanza kupanda barabara, na kutoka dirishani aliwasikia wakija na maneno yake: yape maji mgongo, sijui mnara, mbona mnara uko huku. Wengi waliingia moja kwa moja upande wa kulia. Nyuma kabisa walikuja mume na mke, na kati yao bibi kizee aliyeegemea mwavuli, mama wa mmoja wao. Wakasimama katikati ya milango miwili.

"Wa kulia, alisema," alisema mume.

"Lakini kulia kumejaa. Tazama, watu wamekaa juu ya mbao. Mama atakaa wapi?"

"Alisema kulia. Yule anajua kila kitu."

"Amueni basi," alisema bibi kizee. "Mimi miguu yangu imeshafika."

Mama Dirisha aliinama zaidi. Chini yake aliona utosi wa kilemba cha Bi Birika. Alikuwa amesimama mlangoni pake, kitambaa cha meza mkononi, anatazama pembeni, juu ya mapaa, kama mtu aliyetoka kutazama hali ya hewa. Hakuita wateja. Hakuwahi kuita, watu walisema. Aliona chai inayonadiwa si chai. Alisimama tu, na kitambaa alikikunja, akakikunjua, akakikunja. Mume akamshika bibi kizee mkono, wakageuka kuelekea kulia.

Ulimi hauna mfupa. Kabla Mama Dirisha hajauzuia, sauti ilikwisha kutoka, nene, ya kuaminika, sauti ya dirishani:

"Abiria. Mkono wa kushoto, mlango wa bluu wa zamani. Kaa hapo, mengine yatakufuata."

Bibi kizee aliinua uso. Mume akatabasamu kama mtu aliyekutana na shangazi yake ugenini. "Ndiye yeye," alimwambia mkewe. "Ndiye yule mama aliyetukatia tiketi jana. Kumbe anakaa hapa." Wakaingia kushoto. Kwenye mabenchi ya Seremala vichwa viligeuka, na sauti mbili tatu zikasema, kweli ndiye, kisha mtu mmoja akauliza kama wote wahame au wamalizie kwanza.

Kilemba chini ya dirisha hakikusogea kwa muda. Halafu kikaingia ndani.

Ngazi zikaanza kulalamika. Mama Dirisha alisimama, akachukua kikapu chake, akakishika kama alivyokishika kivukoni. Bi Birika aliingia bila birika, jambo ambalo halikuwa dalili njema. Nyuma yake alikuja binti na mtoto, na nyuma ya binti, Seremala mwenye penseli sikioni, kwa sababu barabara ile haikuwa na siri.

"Upande wa ndani," alisema Bi Birika.

"Dirisha nalo lina upande wa ndani, mkwe."

"Usinichekeshe. Ni wewe?"

"Ni mimi."

"Nilikukosea nini?"

Mama Dirisha aliweka kikapu chini. Hakujua kueleza kwa maneno, basi akaeleza kwa mwili. Akasimama kuelekea majini, akanyoosha mkono wa kulia upande wa mgahawa. "Walioniambia walikuwa wamesimama hivi. Wanarudi nyumbani. Mlango wako uko kulia." Kisha akageuka, akayapa maji mgongo, mkono wake bado umenyooka, sasa unamwelekea Seremala. "Mimi nikawaambia wanaokuja. Sikujua. Sijawahi kufika hapa, mkwe. Leo ndiyo mara yangu ya kwanza. Naogopa maji."

Bi Birika alimtazama. Akanyanyua mkono wake mwenyewe wa kulia, akageuka kidogo kidogo, akarudi, akageuka tena. Mtoto akamcheka.

"Kwa hiyo hukunichukia," alisema hatimaye.

"Ningekuchukiaje? Sikukujua kabisa."

"Miaka yote hii nilidhani kuna mtu amekaa pale jijini ananichukia. Nikilala nilimfikiria. Niliwahi hata kujiuliza kama chai yangu ina kasoro, wanaona aibu kuniambia." Akakaa kitandani, kitanda kikalia. "Kumbe hakuna mtu. Kuna mwanamke anayeogopa maji tu."

"Nimekukosea, mkwe. Chai yako haina kasoro. Kikombe kile nilikinywa kwa taabu kwa sababu ya utamu wake."

"Hilo nililiona. Nikadhani una kidonda cha tumbo. Na sasa hivi, kwa nini hukunyamaza? Ungenyamaza ungepata chumba."

"Nilikuwa nimeshapanga kunyamaza. Niliona kitambaa chako."

Bi Birika alitazama pembeni, juu ya mapaa, kwa ile tabia yake ya kutazama hali ya hewa. Seremala akakohoa mlangoni.

"Sasa mimi je? Wale wote wakihamia kwako, ninapata chumba changu cha kazi?"

"Unapata. Na ile sufuria utanirudishia."

"Sufuria ni yangu, nilinunua kwa jasho langu."

"Mimi nilitia majani. Nenda kamalize wateja wako, wanakaa juu ya viti vya watu." Akamgeukia mgeni. "Nawe, mkwe. Chumba chukua. Adui wa mbali humwoni. Wa ghorofani angalau namsikia akitembea. Lakini kazi yako bado haijaisha, si ndiyo? Una siku zimebaki dirishani."

"Mpaka mwisho wa mwezi."

"Basi rudi ukazitumie vizuri."

Walikunywa chai ya jioni pamoja, wakiwa na bibi kizee wa mwavuli, ambaye aliomba kikombe cha pili na kutangaza kwamba yeye tangu mwanzo alijua ni kushoto. Mama Dirisha alipoaga, binti alimsindikiza kushuka barabara. Sasa walikuwa wakielekea majini. Mlango wa bluu ulikaa mkono wa kulia. Soko lilikuja kushoto, na baada yake mnara wenye saa yake ya uongo, kushoto. Mama Dirisha alikuwa akitaja kila kitu kabla hakijafika, na kila kitu kilifika.

"Unaona?" alimwambia binti yake. "Sikuwa nimekosea. Ni kwamba nilikuwa sijaondoka."

"Umekosea, mama. Panda kivuko."

Kesho yake asubuhi foleni ilikuwa ndefu. Abiria wa kwanza alipokea tiketi na kusubiri shairi, mdomo wake tayari umeanza kulifuatisha. Lakini sauti haikuja. Nyuma ya kioo kilichofifia, kivuli kilisimama kutoka kwenye kiti, kikageuka, kikawapa abiria na maji yote mgongo. Kikanyanyua mkono mmoja, kikaufikiria, kikaushusha, kikanyanyua wa pili.

"Mama, kuna tatizo?" aliuliza abiria.

"Subiri," ilisema sauti kutoka upande wa ukutani. "Niko barabarani napanda."

Foleni ikasubiri.

"Kushoto," alisema.